Tiyo ya Inox na Pua Iliyopotea: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Garaji, Goma

Kisa hiki cha kubadilisha njia ya hewa ya moteri kilitokea katika garaji yangu hapa Goma, na kosa kubwa lililomo ni langu mwenyewe. Mwenye gari ameniruhusu nikisimulie kwa mafundi wenzangu. Nimeondoa jina lake, aina kamili ya gari, mwaka na namba. Vipimo nimeviacha vile vile vilivyoandikwa kwenye daftari, hata vile vinavyoniaibisha.

Usuli

Gari ni jeep ndogo ya Kijapani, moteri ya esansi (petroli) ya lita 2.0, silinda nne, bila turbo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya moteri), usukani kulia kama okazi nyingi, magari yaliyotumika, zinazotufikia. Mwenyewe ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Asubuhi anapandisha abiria Kibumba, mchana anashusha kabichi, karoti na viazi hadi soko la Virunga. Ukitoka Munigi njia inapanda, na gari lake lilikuwa linapanda likinung'unika.

Kabla ya kulaumu gari lolote hapa kwetu, kumbuka tunakaa juu. Uso wa Ziwa Kivu wenyewe uko mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na mji unaanzia hapo kupanda. Kwa urefu huo kanieneo ya hewa inabaki kama asilimia 84 ya ile ya pwani. Moteri isiyo na turbo inavuta ujazo ule ule wa hewa kila mzunguko, ila hewa yenyewe ni nyepesi, oksijeni ni chache, na kompyuta ya gari inapima mafuta kidogo kulingana na hewa hiyo. Farasi 150 zilizoandikwa kwenye kitabu, huku kwetu ni kama 125. Hakuna fundi atakayezirudisha kwa spana.

Jambo la pili ni vumbi. Vumbi letu si udongo mwekundu wa Lubumbashi. Ni makoro, mawe ya lava yaliyosagwa na magurudumu. Tangu lava ya Januari 2002 ipite katikati ya mji hadi ziwani tumejenga juu yake, tunatembea juu yake, na tunaivuta puani. Ni jeusi, lina ncha kali, na ndani ya silinda linafanya kazi ya msasa.

Alichotaka, na tulichopima

Alikuja na telefone mkononi. "Papa, minaona watu wanatengeneza hii. Filtri ya koni na tiyo ya kung'aa. Wanasema moteri inapumua hewa ya baridi, inapata nguvu. Yangu ikifika ku mlima inakufa tu. Utanifanyia?"

Ningeweza kumwambia hapana. Lakini kazi ilikuwa inavutia, wanafunzi wangu wawili waliinua vichwa, na mimi mwenyewe nilikuwa na hamu tangu zamani ya kujenga kwa mikono yangu njia ya hewa baridi, yaani tiyo (bomba) inayoipa moteri hewa ya nje badala ya ile ya moto iliyoizunguka. Hamu ya fundi nayo ina gharama yake, na hapa aliyeilipa mwanzoni alikuwa mteja.

Hata hivyo tulipima kwanza. Tuliunganisha skana, ile tunayoiita valizi, tukasoma joto la hewa inayoingia. Asubuhi ile nje kulikuwa na nyuzi 24. Gari likiwa limesimama, moteri inazunguka na kapo (boneti) imefungwa kwa dakika kumi na tano, hewa ya ndani ilikuwa nyuzi 54. Likitembea kwa kilomita 60 kwa saa, ilikuwa 41.

Iangalie hiyo 41 vizuri. Gari linalotembea kwa kasi hiyo, kama njia yake ya hewa iko sawa, hupaswa kuvuta hewa iliyozidi ya nje kwa nyuzi tano au nane tu. Hili lilikuwa limezidi kwa 17. Namba hiyo ilikuwa inanipa jibu lote la kisa hiki, na mimi nikaisoma kama ushahidi kwamba kisanduku cha kiwandani, kile kinachobeba filtri ya hewa, ni kibaya. Sikujiuliza kwa nini ni kibaya. Nilisema tu, "Unaona? Inavuta moto," na kijana akakubali, na kazi ikaanza.

Tulipofungua kisanduku tulikuta filtri ya karatasi imekuwa nyeusi, imejaa hadi mikunjo imeshikana. Tuliitupa. Litakumbukwa hilo baadaye.

Kwa kupima nguvu hatuna mashine. Tulichagua kipande kimoja cha kupanda juu ya Munigi, gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, watu wawili ndani, mara tatu, saa ya telefone mkononi mwa mwanafunzi. Wastani: sekunde 12.4.

Tulivyojenga

Mwanafunzi mdogo alipendekeza tiyo ya PVC ya milimita 75, ile ya maji machafu, kwa kuwa ni rahisi na inapatikana kila quincaillerie, duka la vifaa vya ujenzi. Nilikataa, na uamuzi huo bado nausimamia: PVC huanza kulegea ikikaribia nyuzi 80, na chini ya kapo, karibu na bomba la moshi, joto hilo si la kutafuta. Ingejikunja siku moja mlimani na kuziba pumzi ya moteri.

Tulichukua tiyo ya inox, chuma kisichoshika kutu, ya kutengenezea ngazi na baranda, kipenyo cha nje milimita 76, unene milimita 1.5. Tuliikata vipande vinne kwa pembe na kuviunganisha kwa kuchomelea ili ipinde vizuri, tukasaga kingo za ndani kwa jiwe dogo ili hewa isijikwae. Kwenye papiyo, ule mlango wa duara unaofunguka ukikanyaga gazi (pedali ya mafuta), tuliweka mpira mzito na kolie mbili, zile pete za kubana. Upande wa pili tiyo ilipita kwenye tundu la bati karibu na bateri, ikashuka mbele ya gurudumu, nyuma ya parashoki (bampa). Huko chini ndiko tulikofunga koni ya pamba yenye mafuta, iliyonunuliwa Birere ikiwa kwenye kasha lake.

Kwa nini chini kule? Kwa sababu tulizungusha kipimajoto kila mahali, na nyuma ya parashoki ndipo palipokuwa na baridi zaidi. Uamuzi ulifuata kipimo. Kipimo kilikuwa sahihi. Kutoka koni hadi ardhini ilikuwa sentimita 38, na hilo hatukuliandika siku ile, nimelipima baadaye.

Debimetri, kile kihisi chenye waya mwembamba wa moto unaopima hewa inayopita, tulikitoa kwenye nyumba yake ya plastiki na kukihamishia kwenye tiyo mpya. Tulitoboa tundu, tukachomelea kitako, tukafunga skrubu mbili. Kilikaa vizuri sana machoni.

Mwisho, mfumo wa pumzi ya moteri. Kwenye kifuniko cha juu cha moteri kuna mpira unaoleta hewa safi kutoka kwenye njia ya hewa. Hatukutaka kutoboa tundu jingine kwenye inox iliyong'arishwa. Kijana alikuwa ameona kwenye video watu wanaweka pale kifiltri kidogo chekundu, kama kofia. Tukaweka kofia.

Malipo: dola 110, vifaa na kazi.

Siku tisa nzuri

Kama kisa kingeishia hapa ningekuandikia jinsi ya kujenga. Joto la hewa kwa kilomita 60 lilishuka hadi 27. Likiwa limesimama, 38. Sekunde kwenye mlima: 12.0. Na mlio! Ukikanyaga gazi, koni ilivuta pumzi kwa sauti nene, wapita njia Majengo wanageuza shingo. Kijana alinipigia simu jioni ya kwanza. "Papa, sasa iko na roho!"

Nilifurahi naye. Ila mlio hudanganya. Kisanduku cha kiwandani kimeundwa kumeza ile sauti ya hewa inayofyonzwa. Ukikiondoa, moteri ile ile inasikika kama kubwa. Dereva anasikia nguvu kwa sikio kabla gurudumu halijaipata. Sekunde 0.4 tulizopata zilikuwa za kweli, lakini kumbuka ile filtri nyeusi tuliyoitupa siku ya kwanza.

Taa ya njano

Siku ya kumi taa ya njano ya moteri iliwaka kwenye tablo. Gari lilianza kutikisika likisimama, na mlimani kukawa na kokoto ndani ya moteri, ule mgongano mdogo wa mafuta yanayowaka kabla ya wakati. Valizi ilitoa P0171: mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na mafunzo mazuri, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kompyuta ya gari hujaribu kujisahihisha yenyewe. Inasoma moshi kwa sonde ya oksijeni, ikiona mafuta hayatoshi inaongeza, na kiasi inachoongeza unaweza kukisoma kwa asilimia. Gari zima hucheza karibu na sifuri, tano juu au tano chini. Letu lilikuwa hivi: moteri ikizunguka taratibu, kompyuta inaongeza asilimia 31. Kwa mizunguko 2,500, inaongeza 21.

Namba mbili, na kila moja ilikuwa na chanzo chake.

Ile 21 isiyotoka hata ukikanyaga gazi ilitoka kwenye kipenyo. Debimetri haipimi hewa yote. Inapima kasi ya hewa inayogusa waya wake, kisha kompyuta inazidisha kwa ukubwa wa tiyo ambao kiwanda kimeuandika ndani yake. Nyumba ya zamani ya plastiki ilikuwa milimita 66 kwa ndani. Tiyo yetu, 76 ukiondoa unene pande mbili, ni 73. Zidisha 73 kwa 73, gawanya kwa 66 mara 66: unapata 1.22. Hewa ile ile ilipita polepole zaidi kwenye tiyo pana, waya ukahisi upepo mdogo, kompyuta ikaambiwa hewa ni chache kwa karibu moja ya tano kuliko ukweli, ikatoa mafuta ya hewa hiyo ya uongo. Hesabu inasema ilihitaji kuongeza asilimia 22. Ilikuwa inaongeza 21. Nilipofanya hesabu hiyo kwa chaki juu ya mlango wa garaji, wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka, maana ningeweza kuifanya wiki mbili nyuma kwa dakika moja.

Zile asilimia kumi za ziada wakati moteri inazunguka taratibu zilitoka kwenye kofia nyekundu. Moteri hunyonya gesi zinazovujia chini ya pistoni kupitia vali ndogo na kuzirudisha kwenye silinda zichomwe. Hewa inayozisukuma huingia kwa ule mpira wa juu, na kiwandani hewa hiyo inachukuliwa baada ya debimetri, yaani imeshahesabiwa. Sisi tuliifungulia mlango wa nje. Hewa ikawa inaingia bila kupita kwa mhesabu. Moteri ikizunguka taratibu inatumia hewa kidogo, kwa hiyo wizi huo mdogo unaonekana mkubwa. Ukikanyaga gazi unapotea ndani ya hewa nyingi. Ndiyo alama ya kutambua: ongezeko linaloshuka kadiri mizunguko inavyopanda ni uvujaji, ongezeko linalobaki pale pale ni kipimo kibaya. Na juu ya hayo, kofia ile ilikuwa inaingiza vumbi la makoro moja kwa moja kwenye oili.

Kofia tuliitoa siku hiyo hiyo, tukachomelea chuchu kwenye tiyo baada ya debimetri na kurudisha mpira. Kipenyo tulipanga kukirekebisha Jumatatu. Kijana akasema hawezi kulaza gari wikiendi ya soko. Nikamwachia.

Kuna jambo jingine lililotokea katikati, na sikulijua hadi baadaye. Vumbi lilikuwa limefanya koni iwe nyeusi ndani ya wiki, naye akaiosha mwenyewe kwa esansi, akaipaka oili ya moteri iliyobaki kwenye kopo la vidanji (kubadilisha oili). Alifanya kwa nia njema. Kwenye kasha la koni kumeandikwa ipakwe mafuta. Oili hiyo nzito ilivutwa na hewa ikaenda kukaa juu ya waya wa debimetri, vumbi likaganda juu yake.

Mvua

Jumamosi mchana, mvua ya Oktoba. Unazijua: dakika ishirini, na barabara inakuwa mto mweusi. Kijana alikuwa anatoka Keshero. Mbele kulikuwa na bwawa la maji kwenye tuta lililovunjika, basi dogo lililomtangulia likapita, naye akafuata polepole. Maji hayakufika hata nusu ya gurudumu. Katikati moteri ikasema "tup" na kuzima.

Alijaribu demareri, ile moteri ndogo ya kuwashia, mara moja. Ikagoma kwa sauti ya chuma. Hapo alifanya jambo moja la busara kuliko yote katika kisa hiki: aliacha. Akanipigia.

Koni kule chini ilikuwa imevuta maji. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda na kukuta maji, kitu lazima kiachie, na mara nyingi kinachoachia ni biele, mkono unaobeba pistoni. Alikuwa anaenda taratibu, moteri ikizunguka polepole, hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Tulivuta gari kwa kamba hadi garajini. Tulitoa buji (plagi za cheche) zote nne, tukafunga njia ya esansi, tukazungusha moteri kwa mkono kwanza, kisha kwa demareri. Silinda ya pili na ya tatu zilitema maji kama chupa ya soda iliyotikiswa. Tulidondosha matone ya oili kila silinda, tukabadilisha oili yote. Haikuwa na rangi ya maziwa. Maji hayakushuka chini.

Kisha kompresho, ile kanieneo ambayo silinda inajenga pistoni ikipanda. Mwanafunzi mkubwa alipima, uso ukabadilika. "Patro, imekufa. Kitabu kinasema kumi na tatu, hapa ni kumi na moja kasoro." Nilimwomba anisomee zote: 10.9, 10.7, 10.8, 10.9. Nilivuta pumzi. Kitabu kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Zidisha 13 kwa 0.84 ya kwetu: 10.9. Moteri ilikuwa nzima, na muhimu zaidi silinda zote nne zililingana. Biele iliyopinda, hata kwa milimita mbili, ingemwacha mmoja nyuma ya wenzake. Sijui ni moteri ngapi hapa mjini zimefunguliwa bure na mafundi waliosoma kitabu cha pwani.

Kurudi nyuma

Jumatatu nilikaa mbele ya gari, kapo wazi, bila spana mkononi. Kisanduku cha zamani kilikuwa juu ya meza. Mdomo wake wa kuingizia hewa ulikuwa na ukingo mdogo wenye mikato miwili, na kwenye mikato hiyo hakukuwa na kitu. Nikainama kwenye bati la juu la radiateri. Pale, upande wa taa ya kushoto, kulikuwa na matundu mawili ya klipu, matupu, na alama ya mviringo isiyo na kutu ambapo plastiki ilikuwa imekaa kwa miaka.

Gari lilikuwa na pua. Kiwanda kililiwekea njia ya hewa baridi tangu kuzaliwa: bomba la plastiki linaloanzia juu ya radiateri, mbele, mahali pa hewa ya nje, hadi kwenye kisanduku. Radiateri haikuwa ya asili, na bati lilinyooshwa kwa nyundo. Aliyelitengeneza baada ya kugongwa mbele aliitoa pua, pengine ilivunjika, na hakuirudisha. Tangu siku hiyo kisanduku kilikuwa kinavuta hewa kutoka nyuma ya radiateri. Ndiyo ile nyuzi 41.

Tulimweleza kijana. Alinyamaza, kisha akauliza swali la haki kabisa: "Sasa papa, siku ile ya kwanza hukuiona?" Nilimjibu kwamba sikuitafuta.

Tulitafuta pua ya okazi Birere siku mbili, hatukuipata ya gari hilo. Tukaitengeneza. Mdomo tuliukata kwenye bidoni la njano la lita 20, lile zito la mafuta ya kula, tukaupasha kwa hewa ya moto na kuukandamiza juu ya kipande cha mbao hadi ukawa bapa, upana sentimita 18, urefu wa mdomo sentimita 4. Kutoka hapo hadi kisanduku tuliweka mpira wa mikunjo. Mdomo uko sentimita 79 kutoka ardhini na unatazama mbele, chini kidogo ya ukingo wa kapo, ili mvua isiingie moja kwa moja. Chini ya kisanduku tulizibua tundu dogo la kutolea maji lililokuwa limezibwa na tope.

Debimetri ilirudi kwenye nyumba yake ya milimita 66. Tuliiosha kwa dawa yake ya kupuliza, inayokauka yenyewe. Waya ule haufutwi kwa kitambaa wala kidole, na haupulizwi kwa kompresa. Filtri mpya ya karatasi, dola 12.

Matokeo

Kwa kilomita 60, nje nyuzi 24, hewa iliyoingia ilikuwa 29. Likiwa limesimama, 46. Marekebisho ya mafuta yalirudi kati ya asilimia 2 na 4. Taa ya njano ilizimika na haijarudi. Mlima wa Munigi: sekunde 11.7.

Baada ya miezi minne alileta gari kwa vidanji. Tulifungua kisanduku: upande mmoja wa karatasi mweusi kama mkaa, upande wa pili mweupe. Nilipitisha kidole ndani ya mpira baada ya filtri, kikatoka safi. Ndani ya inox, ilipotolewa, kidole kilikuwa kimetoka na unga mweusi wa mafuta.

Uchambuzi

Angalia joto. Tiyo ya inox ilitoa nyuzi 27, pua ya bidoni 29. Kwa jina lake, kama njia ya hewa baridi, ujenzi wa kwanza ulishinda. Nyuzi mbili. Uzito wa hewa hupungua kadiri joto linavyopanda, joto likihesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri: kutoka 41 hadi 29 ni 314 kwa 302, asilimia 4 ya hewa zaidi. Hizo mbili za ziada ni chini ya asilimia moja, na kwa ajili yake tulishusha pumzi ya moteri hadi kwenye maji.

Kuhusu filtri iliyoziba: tulibadilisha vitu viwili siku moja. Zile sekunde 0.4 za mwanzo sitajua kamwe ngapi zilikuwa za koni na ngapi za kuondoa tope lile la karatasi. Siku hizi naweka filtri mpya, nampa mteja gari atembelee siku mbili, ndipo tunazungumza. Wawili kati ya wateja wangu hawakurudi kuzungumza, na nadhani walipona.

Inox au plastiki? Watu hubishana sana juu ya chuma kupasha hewa. Kwa lita 2.0, mizunguko 3,000, moteri inavuta kama lita 42 kila sekunde. Ndani ya tiyo ya sentimita 60 hewa inakaa karibu sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Haina muda wa kupata moto. Ukisimama kwenye foleni, ndiyo, lakini kwenye foleni hakuna anayehitaji nguvu.

Hesabu hiyo hiyo inatisha upande wa vumbi. Lita 42 kwa sekunde ni mita za ujazo 150 kwa saa, yaani hewa ya kujaza darasa zima la shule, nayo ni hewa ya barabara ya Kibumba nyuma ya lori. Koni ya pamba inapitisha hewa kwa urahisi, ndiyo sababu wenye kushindana wanaipenda, lakini wao wanabadilisha moteri kabla vumbi halijamaliza kazi yake. Kijana huyu ana moteri moja.

Mafuta pia niseme. Alitegemea gari litakula esansi kidogo. Halikula kidogo. Hewa baridi huleta oksijeni zaidi, na kompyuta hutoa mafuta zaidi kulingana nayo. Faida yake iko mlimani gazi ikiwa chini kabisa. Anayeahidi mteja akiba ya esansi kwa tiyo anauza mlio.

Kilichofanya kazi katika ujenzi wa kwanza sitakificha: kukataa PVC, kusaga kingo za ndani, kolie mbili kila kiungo, na kuandika vipimo kabla ya kuanza. Bila ile 41 kwenye daftari nisingerudi kutafuta pua. Kama ningeambiwa leo nijenge tena kwa gari ambalo kweli halina njia yake, ningeanza na kipenyo cha nyumba ya debimetri na kukifuata hadi mwisho, ningeacha sehemu iliyonyooka kabla ya kihisi ili hewa isifike ikizunguka, na mdomo ningeuweka juu ya taa.

Nilimrudishia dola 70, naye akasema inatosha. Koni iko kwenye rafu. Tiyo ya inox mwanafunzi mdogo aliikata vipande viwili. Kimoja mama yake anakitumia kama bomba la kuwashia mbabula (jiko la makaa), na anasema hakuna kinachovuta hewa kama kile.